Mwembe Ulioanguka na Kazi Yake ya Pili



Nimeombwa nizungumze juu ya mti wa nyumbani: mti uliopandwa na wazee, watoto wakakulia chini yake, kisha siku moja ukaanguka. Wenye nyumba hawataki uishie jikoni. Wanataka sehemu yake ibaki ndani, iwe pambo. Wafanye nini?

Naanza na jibu langu, kisha nitalieleza. Mti uliopendwa hudumu ukipewa kazi. Kipande kinachotundikwa ukutani ili kitazamwe tu, macho hukizoea, na mwisho hakuna anayekiona. Kitu kinachoshikwa kila siku, kikawa pia kimepambwa kwa nakshi ya mkono, kila mgeni na kila mtoto atauliza habari zake. Ili tukifikie kitu hicho, yatupasa tujue mti wetu una uwezo gani, na tuupe muda unaoutaka.

Miti yenye mitaa

Ukitaka kujua mti una thamani gani kwa watu wa pwani, sikiliza majina ya mitaa. Mombasa kuna Mwembe Tayari na Mwembe Kuku. Dar es Salaam kuna Mwembechai na Mwembeyanga. Mjini Unguja kuna Mwembetanga, Mwembeladu na Mwembeshauri. Watu walielekezana kwa mti na kukutana penye mti, hata mtaa ukachukua jina lake.

Mwembe asili yake ni Asia ya Kusini. Umekaa nasi muda mrefu kiasi kwamba hakuna anayeukumbuka ugeni wake. Msafiri Ibn Battuta alipofika Mogadishu mwaka 1331, alikaribishwa chakula chenye wali, na miongoni mwa viungo vilivyoandamana nao zilikuwamo achari za limau na maembe. Tangu hapo hadi leo, chini ya mwembe ndipo wazee wanapocheza bao, fundi baiskeli anapoziba pancha, watoto wa chuo wanaposomeshwa, na masufuria ya harusi yanapotelekwa.

Miti hii huanguka. Masika hulainisha udongo, upepo ukamalizia. Mingine tunaidhoofisha wenyewe: tunachimba msingi wa chumba kipya au mtaro wa maji, tunakata mizizi ya upande mmoja, na baada ya miaka kadhaa mti unalala upande wa pili. Na kuna dhoruba. Tarehe 15 Aprili 1872 kimbunga kiliipiga Unguja kikaangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya kisiwa. Mei 2024 Kimbunga Hidaya kikaifikia Mafia. Kila mara, nyuma ya habari za mapaa na mashua, kulikuwa na miti ya nyumbani iliyolala uani na watu wakiizunguka wasijue pa kuanzia.

Mti ukianguka alfajiri, kabla ya adhuhuri wameshafika wenye mapanga, mashoka na mikokoteni. Wanasaidia, kwani njia imezibwa na ukuta umeelemewa. Lakini shoka la haraka hukata vipande vya kuni, futi mbili mbili, na kipande cha futi mbili hakimwachii fundi nafasi ya kazi. Jioni mti umeshawatoka wenyewe. Ndiyo maana leo nitakaa sana kwenye siku za mwanzo, maana hapo ndipo miti mingi inapopotea.

Mpundu wa Chitambo

Kabla ya hapo nataka tutazame mti mmoja ulioingia katika historia, ambao sehemu yake ilifika hapa pwani.

David Livingstone alifariki mwanzoni mwa Mei 1873 katika kijiji cha Chitambo, ambacho leo kiko Zambia. Wenzake wa safari, wakiongozwa na Susi na Chuma, waliuzika moyo wake chini ya mti uitwao mpundu, na Jacob Wainwright akachora maandishi kwenye shina. Kisha wakaubeba mwili kwa miguu hadi Bagamoyo, wakafika Februari 1874. Mpundu ule ulibaki umesimama juu ya kaburi la moyo, ukazeeka, ukaanza kuoza. Mwaka 1899 ukakatwa. Kipande cha shina chenye maandishi kilipelekwa London kwenye Jumuiya ya Kifalme ya Jiografia. Mbao nyingine za mti huo zikatengenezwa msalaba, na msalaba huo upo hadi leo ndani ya Kanisa Kuu la Kristo, Mkunazini, Zanzibar, mahali palipokuwa soko la watumwa.

Tazameni vipande hivi viwili vya mti mmoja. Kile cha London kina thamani kubwa kwa wanahistoria, na ni vyema kimehifadhiwa. Lakini ni kumbukumbu inayofuatwa na mwenye shughuli nayo. Kile cha Mkunazini kimepewa kazi. Kiko mbele ya watu wanaosali, na mtembezaji wa wageni hukisimulia kila siku, kwa sababu kiko palepale watu wanapopita na kukaa. Fundi aliyeutengeneza msalaba ule hakuuacha mti uwe ukumbusho peke yake. Aliuweka katikati ya maisha ya watu wengine.

Nakshi huwekwa palipo na kazi

Hili si jambo geni kwetu. Mabingwa wa nakshi wa Lamu, Unguja na Mombasa walichonga zaidi vitu vya kutumiwa. Mlango wa nakshi ni mlango kwanza: unafungwa, unabeba komeo, unazuia mwizi na jua. Ukiutazama vizuri utaona kwamba nakshi nyingi ziko kwenye miimo, kwenye kizingiti cha juu, na kwenye mfaa, ule ubao wa katikati unaofunika pale mbao mbili zinapokutana. Mbao zenyewe za mlango mara nyingi zimeachwa wazi, labda na misumari ya shaba tu. Fundi alijua wapi mkono unapita, wapi jicho linatua, na wapi ubao unahitaji unene wake wote.

Ndivyo ilivyo rehali inayobeba msahafu, kiti cha enzi anachokalishwa mgeni wa heshima, sanduku la nguo za bibi harusi, kitanda cha samadari, hata mbuzi ya kukunia nazi. Kila kimoja kina kazi, na kila kimoja kinapambwa. Mji Mkongwe wa Zanzibar ulipoingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000, na Mji wa Kale wa Lamu mwaka 2001, dunia ilikuwa inatambua miji ambayo mapambo yake yamo kwenye milango inayofunguliwa kila asubuhi.

Kwa hiyo familia inaponiuliza, "Tutengeneze pambo gani?", mimi huwauliza, "Ndani ya nyumba yenu kuna kazi gani inayosubiri kitu kizuri?"

Kuujua mti

Jibu la swali hilo hutegemea mti wenyewe. Si kila mti uliopendwa ni mti wa mbao.

Mfenesi ukianguka, shukuruni. Kiini chake kina rangi ya manjano kikiwa kibichi, nayo hugeuka kahawia yenye wekundu kadiri kinavyopigwa na mwanga. Hauliwi na mchwa kwa urahisi, na umetumika sana kwa milango ya nakshi ya Zanzibar. Mwarobaini nao una kiini chekundu chenye nguvu dhidi ya wadudu, na unashika nakshi vizuri. Mkamba mchongaji wa Mombasa na Malindi anaujua. Biashara ya uchongaji ya Wakamba huhesabiwa kuanzia kwa Mutisya Munge wa Wamunyu, baada ya Vita Kuu ya Kwanza, na kwa miaka mingi ilitegemea mpingo na muhuhu. Miti hiyo ilipozidi kuadimika, wachongaji wengi walihamia kwenye mwarobaini, mwembe na jakaranda, yaani miti ya mashambani na majumbani. Wale wanaodhani mti wa uani hauwezi kutoa kazi ya heshima wana jibu hapo.

Mwembe una mbao nzuri ya kahawia, wakati mwingine yenye michirizi ya dhahabu na kijivu. Una udhaifu wake pia, nao lazima usemwe. Mchwa na dumuzi wanaupenda. Ukilala chini siku nyingi ukiwa na gome, ukungu huingia na kuacha madoa meusi. Nyuzi zake hupishana, kwa hiyo randa isiyo kali hunyofoa uso wa ubao. Utomvu wake huwasha ngozi ya baadhi ya watu, maana mwembe na mkorosho ni wa ukoo mmoja, na vumbi lake lisivutwe bila barakoa. Mwembe ni mti wa kazi za ndani. Kuufanya mlango wa nje, unaopigwa mvua na kukanyaga ardhi yenye mchwa, ni kuupoteza mara ya pili.

Mnazi hauna matawi wala mafundo, na ugumu wake uko nje. Ndani ni laini. Sehemu ya nje ya shina lake la chini hutoa vijiti, vijiko na mapambo yenye madoa meusi ya kupendeza. Mbuyu ni habari nyingine kabisa. Shina lake limejaa maji na nyuzi, nao ukianguka hunywea na kusambaratika, hauna mbao. Mwenye kuupenda mbuyu wake atafute nyuzi za gome kwa kamba, atumie mabuyu, apande mwingine. Kumwambia mtu ukweli huu mapema ni kumwonea huruma.

Wiki za mwanzo

Sasa tuje kwenye kazi. Mti umelala. Mfanye haya.

Kwanza, kabla majani hayajanyauka, kateni vikonyo vya matawi machanga yenye afya, mvifunge kwa kitambaa chenye unyevu, mvipeleke kwa mtu anayejua kubebesha miche. Mwembe ulioanguka usiku, asubuhi vikonyo vyake bado vi hai. Kikonyo kikishika kwenye mche, mti utakaoota ni uleule, wenye maembe yaleyale, ladha ileile. Watu wengi hulia juu ya shina huku uhai wa mti ukikauka juu ya majani.

Pili, zuieni shoka. Matawi madogo yaende kuni, ni haki ya waliosaidia. Shina na matawi manene yakatwe marefu kadiri itakavyowezekana: futi saba, futi nane. Pimeni kila gogo lizidi kazi mnayoifikiria, kwa sababu ncha zake zitapasuka na zitakatwa.

Tatu, pakeni ncha za magogo rangi ya mafuta au nta siku hiyohiyo. Maji hutoka kwenye ncha kwa kasi kubwa mno kuliko yanavyotoka ubavuni. Ncha zikikauka na kunywea huku katikati bado kumelowa, gogo hupasuka. Mkebe wa rangi iliyobaki tangu Idi unatosha kuokoa futi kadhaa za mbao.

Nne, inueni magogo juu ya matofali, kivulini, na msikawie kuyapasua. Kwa mwembe, kukawia ni kukaribisha madoa na wadudu. Aliye karibu na wapasuaji wa msumeno wa watu wawili awaite. Wengi leo watapata fundi wa msumeno wa mnyororo. Mwambieni apasue kupitia moyo wa shina, na moyo wenyewe utolewe, kwani nyufa huanzia hapo. Unene wa inchi 2 unafaa kazi nyingi za nyumbani. Mwambieni pia kwamba huu ni mti wa uani. Una misumari, vipande vya waya, labda bawaba ya lango la zamani iliyomezwa na gome. Wenye mashine za kupasulia hukataa miti ya majumbani kwa sababu hiyo, na hawana makosa: msumari mmoja hung'oa meno ya msumeno.

Hapa kuna ombi ambalo kila familia hulileta. Wanataka kipande cha duara, shina lililokatwa kwa upana, kiwe uso wa meza. Ni umbo zuri, nami naelewa kwa nini linatakiwa. Lakini mbao hunywea karibu mara mbili zaidi kwa kuzunguka shina kuliko kutoka nje kuelekea moyoni. Duara zima haliwezi kustahimili tofauti hiyo, na karibu kila mara litafunguka ufa mkubwa kutoka ukingoni hadi katikati. Anayelitaka duara alitake pamoja na ufa wake, na fundi aufunge kwa vipande vya mti mwingine vilivyochongwa mfano wa kipepeo. Anayetaka meza imara achukue ubao.

Tano ni kukausha. Zipangeni mbao juu ya msingi uliosawazishwa, na kati ya ubao na ubao wekeni vijiti vya unene wa inchi moja, kila futi mbili. Vijiti vipangwe vimelekeana, cha juu juu ya cha chini, la sivyo mbao zitapinda kwa uzito wake. Juu kabisa wekeni mawe au matofali. Pawe na kivuli na upepo. Jua kali la moja kwa moja huzipasua. Msione haya kutumia dawa: mchanganyiko wa boraksi na asidi ya boriki katika maji, ukipakwa wakati mbao bado mbichi, huzuia dumuzi wengi.

Kanuni ya zamani ya maseremala ni mwaka mmoja kwa kila inchi ya unene. Penye joto na upepo muda huweza kupungua, lakini msikisie. Chukueni ubao mdogo kutoka kwenye rundo, muupime kwenye mizani ya duka, mwandike uzito na tarehe. Rudieni kila mwezi. Uzito ukiacha kushuka, ubao umelingana na hewa ya mahali hapo. Mbao iliyokauka Unguja au Mombasa bado ina unyevu wa pwani. Ikipelekwa kwa mtoto anayeishi Nairobi au Dodoma itanywea tena, kwa hiyo fundi aache nafasi kwenye viungo vyake.

Subira hii ina faida ambayo si ya mbao. Msiba wa mti unapokuwa mbichi, kila mtu anataka kila kitu. Baada ya miezi ya kupima uzito, familia huwa imekwisha kuzungumza, na wanajua wanachokitaka.

Mwembe wa nyumba moja

Niwaonyeshe mfano mmoja kwa karibu. Katika nyumba moja ya shamba kisiwani Unguja, mwembe dodo uliopandwa na bibi wa nyumba akiwa mwari uliangukia ukuta wa jiko wakati wa masika. Bibi alikuwa ameshafariki. Watoto wake walitaka mlango mkubwa wa nakshi kwa jina la mama yao. Fundi mzee waliyemwita aliushika ubao mbichi, akaugonga kwa kidole, akawaambia kwa upole, "Wanangu, huu si mti wa mlango. Mkiulazimisha, mtaulaumu bure."

Akawauliza mama yao alikuwa akikaa wapi chini ya mwembe ule, akifanya nini. Wakajibu wote pamoja: akikuna nazi. Hapo kazi ikapatikana. Kila mtoto, wa kike na wa kiume, atapata mbuzi ya nazi iliyochongwa kutoka mti wa mama.

Mbuzi ni kitu kidogo, na kina masharti. Ubao wa kukalia lazima uwe mpana wa kumtosha mtu mzima na mfupi wa kukunjika. Miguu hupishana na kufungamana kwa viungo vya mbao, na ubao wa mbele hubeba ulimi wa chuma wenye meno. Nakshi haiwezi kuwekwa popote: ikiwa chini ya mapaja humchoma mtu, ikiwa karibu na ulimi hujaa machicha yakachacha. Yule fundi aliiweka kwenye mbavu na kwenye miguu tu. Alichora mnyororo mwembamba, ule tunaouona ukingoni mwa milango ya Mji Mkongwe, akauchonga kwa kina kidogo sana. Alikuwa amejaribu kwanza majani na maua kwenye kipande cha akiba, na nyuzi za mwembe zikanyofoka kwenye mizunguko midogo. Mistari iliyonyooka na vifundo vya mraba mti ulivikubali. Kila baada ya mapigo machache aligeuza ubao, ili patasi ifuate nyuzi isizipinge, na kila mara aliinoa kwenye jiwe kabla haijaanza kukwama. Mwisho alipaka mafuta ya kitani na nta ya nyuki kwa kitambaa, siku kwa siku, mpaka ubao ukaacha kunywa.

Katika kupiga randa ubao mmoja likatokea doa jeusi lenye ubuluu, na ndani ya doa kichwa cha msumari. Ulikuwa msumari wa kamba ya kuanikia nguo, uliopigwa miaka mingi kabla na mti ukaumeza. Chuma kilikuwa kimekutana na tanini ya mti, na mkutano huo ndio uliotia rangi ile. Seremala wa duka angeukata ubao na kuutupa. Fundi wetu aliung'oa msumari, akaliacha doa mahali pake, na ubao huo ukawa wa kutundikia nguo ukumbini, wenye vigingi vya mfenesi na mnyororo uleule wa nakshi ukingoni. Nguo za nyumba ile zinaendelea kutundikwa kwenye mti ule.

Katika nyumba hiyo hakuna kipande cha mwembe kilichowekwa kwenye kabati la kioo. Vyote vinashikwa, vinaloa, vinafutwa, vinang'aa kwa mikono. Na wajukuu ambao hawakumwahi bibi yao hutajiwa jina lake kila nazi inapokunwa.

Nani mwenye mti

Kuna jambo la haki ambalo fundi mwaminifu hulitanguliza. Mti ni mali. Zanzibar kwa desturi mtu anaweza kumiliki mti bila kumiliki ardhi uliposimama, na mti huo hurithiwa. Kabla ya kupasua, warithi wote waulizwe, hata aliye ng'ambo. Ikiwa mti uliwekwa wakfu kwa msikiti au madrasa, mbao zake si za jirani aliye karibu nazo. Ulizeni wasimamizi, na kwa Zanzibar ipo Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana. Mti wa wakfu ukirudi msikitini kama rehali au rafu ya misahafu, umerudi kwenye nia ya aliyeutoa. Palipo na mti unaoheshimiwa kwa ajili ya makaburi au ibada za wenyeji, wazee ndio wenye kauli.

Kisha kuna sheria. Kusafirisha magogo na mbao barabarani kunahitaji kibali hata kama mti ulikuwa wako. Tanzania Bara hilo liko chini ya Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 na Wakala wa Huduma za Misitu. Kenya kuna Shirika la Huduma za Misitu. Kibali hulinda misitu, na humlinda pia mwenye mwembe asichanganywe na mvunaji haramu.

Na kuna ukweli wa chanzo. Katika mji wa Stratford, Uingereza, palikuwa na mforosadi ulioaminiwa kuwa ulipandwa na Shakespeare. Katika miaka ya 1750 mwenye nyumba, kasisi Francis Gastrell, aliuangusha kwa kuchoshwa na wageni. Thomas Sharp akanunua mbao, na kwa miongo kadhaa akauza visanduku, vikombe na mapambo yaliyosemekana kutoka mti ule, mengi hata watu wakashuku kama mti mmoja unaweza kutoa yote hayo. Mwaka 1799, akikaribia kufa, aliapa mbele ya sheria kwamba mbao zake zote zilikuwa za kweli. Msisubiri kuapa. Pigeni picha za mti umelala, magogo yakipasuliwa, mbao zikikauka. Chini ya kila kitu fundi achonge jina la mti, mahali na mwaka. Na mbao zikiisha, zimeisha. Asichanganye mti mwingine na kuuita ule.

Ninachoomba

Nahitimisha kwa maombi matatu.

Kwa halmashauri zetu za miji na manispaa: mnapokata mti mkubwa wa barabarani au kuondoa ulioanguka, piteni kwanza kwa maseremala wa mtaa kabla ya kuugawa kuni. Mti uliotia kivuli kituo cha basi kwa miaka hamsini unaweza kuwa mabenchi ya zahanati ya hapohapo, yenye nakshi na jina la mtaa. Gharama ya kupasua ni ndogo, na vijana wa vyuo vya ufundi watapata mbao halisi ya kujifunzia.

Kwa vijana mnaojifunza kazi hii: msijifungie kwenye mninga na msaji inayonunuliwa dukani. Jifunzeni tabia za mwembe, mfenesi, mwarobaini na jakaranda, kwa kuipasua, kuikausha na kuichonga miti hiyo kwa mikono yenu. Misitu yetu haina tena miti ya kutosha kwa kila kitanda na kila mlango. Uani kwetu ipo, na kila masika huanguka michache. Fundi atakayejua kuiokoa hatakosa kazi, na atakuwa anaiokoa misitu pia.

Na kwa kila mwenye mti nyumbani: msisubiri uanguke. Leo jioni utazameni. Waulizeni wazee aliupanda nani, mwandike. Mjueni fundi aliye jirani na anayebebesha miche. Pandeni wa pili upande mwingine wa ua, mbali na ukuta, wa kwanza ungali umesimama. Siku ya kuanguka itakapofika mtajua nani wa kuitwa, nini cha kukatwa kwanza, na kazi gani inasubiri mbao zake.